Nani Atajua Kwamba Hukuja? Kuchagua kati ya Chuo Kikuu Kikubwa na Chuo Kidogo

Kila mwaka, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakishatangazwa na muda wa kuchagua kozi kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, ukikaribia, swali wanaloniletea wazazi wa Mombasa huwa ni lile lile: mtoto aende bara, kwenye vyuo vikuu vikubwa vya umma ambavyo majina yake yanajulikana na kila mtu, au abaki Pwani katika chuo kidogo kilicho karibu na nyumbani? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule moja ya sekondari upande wa Kisauni, na kwa muda mrefu nimekabidhiwa pia kazi ya kuwashauri wanafunzi kuhusu masomo ya baada ya kidato cha nne. Shahada yangu niliisomea katika chuo kikuu kikubwa cha umma huko bara. Mdogo wangu aliisomea yake katika chuo kidogo huku huku Pwani. Na baadaye nimewahi kufundisha jioni, kwa mkataba wa muda, katika chuo kingine kidogo kisiwani. Kwa hiyo nina la kusema kuhusu pande zote mbili, ingawa mzazi anayetaka jibu la neno moja huondoka kwangu hajaridhika.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wenyewe, kwa sababu katika nchi yetu ukubwa wa chuo umefungamana sana na umri wake. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake kama chuo kikuu mwaka 1970, kikafuatwa na Moi mwaka 1984, Kenyatta mwaka 1985 na Egerton mwaka 1987, na hivi ndivyo watu wanavyovifikiria wanaposema vyuo vikubwa. Vyetu vya Pwani vilichelewa kufika daraja hiyo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la MIOME. Kikageuzwa taasisi ya ufundi mwaka 1966, kikawa politekniki mwaka 1972, kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na hatimaye kikapewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi kilikuwa taasisi ya kilimo kabla ya kuwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2007, nacho kikapata hati yake mwaka huo huo wa 2013. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiliwafuata mwaka 2016. Kuna pia matawi ya mijini ya vyuo vya bara, vyuo vya kibinafsi, na vyuo vya kati ambavyo huanzia stashahada, na baadhi ya wahitimu wake huendelea hadi shahada. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vya kwetu ambacho kingeitwa kidogo na mtu aliyezoea shule ya upili ya wanafunzi mia nne, lakini ukikiweka kando ya chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, udogo wake unaonekana.

Mwaka wangu wa kwanza bara ulikuwa mwaka wa kuhesabiwa bila kujulikana. Kozi za lazima kwa wote, zile za stadi za mawasiliano na za masomo ya maendeleo, zilitukusanya katika ukumbi mmoja wanafunzi wa vitivo mbalimbali, na aliyechelewa alisikiliza akiwa dirishani. Mhadhiri alizungumza kwa kipaza sauti, na kipaza sauti kilipogoma, walioketi nyuma waliandika walichonakili kwa wenzao wa mbele. Tuliingia na kutoka kama abiria wa feri ya Likoni, ambako hakuna anayekuuliza wewe ni nani wala unakwenda wapi mradi usimzuie aliye nyuma yako. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa, lakini wenye marafiki waliandikiwa majina yao wakiwa bado wamelala mabwenini. Nilikuwa na mwenzangu mmoja kutoka Lamu ambaye aliacha kuhudhuria mihadhara katikati ya muhula kwa sababu ya dhiki za nyumbani, na aliyegundua kwamba hayupo hakuwa mhadhiri wala mlezi wa wanafunzi. Alikuwa mama muuza chakula nje ya lango, aliyemzoea na kuona hapiti tena.

Tangu hapo nimekuwa nikipima vyuo kwa swali moja, na ndilo ninalowapa wazazi: mwanao asipofika darasani kwa majuma mawili, nani atajua? Swali hili limenifaa kuliko majedwali yote ya kupanga vyuo kwa nafasi, kwa sababu majedwali hayo hupima zaidi tafiti zinazochapishwa na walimu na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ilhali kijana wa miaka kumi na minane anayetoka Mtopanga au Changamwe ataishi na mambo mengine kabisa.

Lakini sitaki nieleweke vibaya kana kwamba niliteseka. Kuanzia mwaka wa tatu, chuo kile kile kilibadilika machoni pangu, na hapa ndipo penye jambo ambalo wazazi wengi hawaliamini mpaka nilirudie. Tulipomaliza kozi za lazima na kuingia katika kozi za juu za Kiswahili, darasa lilipungua hadi tukatosha kuketi kuzunguka meza. Waliotufundisha fonolojia na ushairi walikuwa watu ambao vitabu vyao tulivisoma sekondari. Kulikuwa na kozi za hiari ambazo chuo kidogo kisingethubutu kuziweka: lahaja za Kiswahili, tafsiri, fasihi linganishi, uhariri. Maktaba ilikuwa na majarida ya miaka ya sitini ambayo sijayaona kwingine. Nilikaa bweni moja na Mturkana, Mkisii na Mmeru, na ukweli ni kwamba nilijifunza Kenya huko zaidi ya nilivyoijifunza katika somo la Historia. Mtu akiniuliza kama nilisoma katika chuo kikubwa au kidogo, jibu la kweli ni kwamba nilisoma katika vyote viwili chini ya jina moja: miaka miwili katika umati na miaka miwili katika idara. Yule aliyesomea Biashara katika chuo hicho hicho alibaki katika umati hadi siku ya mahafali, maana wanafunzi wa kozi yake walikuwa mamia kwa mamia kila mwaka. Kwa hiyo unapolinganisha vyuo, ni upungufu kuuliza chuo kina wanafunzi wangapi. Uliza darasa la mwaka wa tatu la kozi unayoitaka lina watu wangapi, na wanafundishwa na nani.

Kero iliyonipata, nayo ni maarufu kwa kila aliyepitia vyuo vikubwa vya umma nchini, ni ya alama zilizopotea. Nilifanya mtihani wa kozi moja ya Historia, nikaona alama za wenzangu zimebandikwa na zangu hazipo, na kwa kuwa mhadhiri aliyeitahini alikuwa amekwenda masomoni ng'ambo, nilizungushwa kutoka idara hadi ofisi ya mitihani, na kutoka ofisi ya mitihani hadi idara, kwa zaidi ya mwaka mzima. Kilichoniokoa ni vitu viwili. Kwanza, nilikuwa nimehifadhi kadi yangu ya mtihani iliyotiwa sahihi na msimamizi ukumbini, wakati wenzangu wengi walizitupa muhula ulipoisha. Pili, karani wa idara, mwanamama mwenye subira ya ajabu, alinifahamu kwa sura kwa sababu nilikuwa nikimsalimu kila nilipopita hata nisipokuwa na shida. Yeye ndiye aliyefukua bahasha za majibu kabatini mpaka akaipata karatasi yangu. Bila yeye, jina langu lisingeingia katika orodha ya wahitimu wa mwaka ule. Ndiyo maana wanafunzi wangu wanaokwenda bara huondoka na agizo la kuhifadhi kila karatasi yenye sahihi, na la kujulikana angalau na mtu mmoja anayekaa ofisini, hata kama si profesa. Siku hizi alama huwekwa kwenye tovuti ya mwanafunzi, jambo ambalo limepunguza misururu, ingawa alama ambayo haikuingizwa na mhadhiri haiwezi kujiweka yenyewe.

Mdogo wangu alipita njia nyingine. Alama zake hazikutosha kozi aliyoitaka bara, akaingia chuo kidogo hapa Pwani kusomea stashahada, akaendelea hadi shahada ya usafirishaji na ugavi. Darasa lake lilikuwa la watu wasiozidi arobaini. Asipofika, mhadhiri aliuliza. Akikosa mara mbili, alipigiwa simu. Mradi wake wa mwisho ulisimamiwa juma kwa juma, na aliporudishiwa sura ya pili ilikuwa imejaa wino mwekundu kila ukurasa, jambo ambalo mimi, katika chuo changu chenye jina, sikuwahi kulipata hadi nilipofika masomo ya uzamili. Ulipofika wakati wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, mhadhiri huyo huyo alimpigia simu mtu anayemfahamu katika kampuni moja ya kukomboa mizigo bandarini, na kijana akapata nafasi siku ile ile, wakati wenzangu wa bara walizunguka mijini na bahasha za barua mpaka viatu vikaisha. Katika mji ambao bandari ndiyo uti wa uchumi wake, ukaribu wa aina hiyo una thamani kubwa.

Hata hivyo, mwenyewe husema kwamba mwaka wake mgumu zaidi ulitokana na udogo ule ule. Mhadhiri mmoja alimchukia tangu walipobishana kuhusu alama za jaribio, na kwa kuwa idara ilikuwa na walimu wa kudumu wachache mno, alikutana naye katika kozi nyingine tatu kabla ya kuhitimu. Mimi, bara, ningehamia kundi la mhadhiri mwingine na habari ingeishia hapo. Zaidi ya hayo, alipogundua katika mwaka wa pili kwamba anapenda takwimu kuliko alivyodhania, hakukuwa na pa kwenda; chuo hakikuwa na kozi hiyo, na hata kozi ya hiari ya takwimu iliyotajwa katika orodha haikufundishwa kwa kuwa waliojiandikisha hawakufikia idadi iliyotakiwa. Mwalimu wao wa uchumi naye aliacha kazi katikati ya muhula, wakakaa majuma kadhaa bila mtu, kisha wakaletewa mwingine aliyelazimika kuyasomesha yaliyobaki mbio mbio. Katika idara ya walimu thelathini, mmoja akiondoka hutambui; katika idara ya walimu wanne, robo ya elimu yako imeondoka naye.

Nilipoanza kufundisha jioni katika chuo kidogo, niliona upande wa pili wa mambo hayo. Wahadhiri wengi tuliokuwa pale tulikuwa wa mkataba wa muda, tukilipwa kwa saa na mara nyingi tukicheleweshewa, na baadhi ya wenzangu walikuwa wakifundisha pia katika tawi la chuo kikubwa upande ule mwingine wa mji. Mhadhiri yule yule, kwa maelezo yale yale na maswali yale yale, alikuwa wa chuo kikubwa asubuhi na wa chuo kidogo jioni. Mzazi aliyelipa ada mara mbili ili mwanawe apate jina kubwa angestaajabu kama angetuona sote kwenye matatu moja pale Buxton. Tofauti ilikuwa kwamba jioni nilikuwa na wanafunzi ninaowajua kwa majina, na insha zao nilizisoma zote mwenyewe. Lakini nilipomaliza kipindi sikuwa na ofisi ya kumkaribisha mwanafunzi mwenye shida, tukazungumza nikiwa nimesimama mlangoni huku mlinzi akisubiri kufunga. Udogo wa darasa humfaidi mwanafunzi iwapo mwalimu yupo. Mwalimu akiwa mpita njia, darasa la watu ishirini linaweza kuwa na upweke sawa na ukumbi wa mia tano.

Jambo hili hunikumbusha kijana wa jirani yetu aliyepata ufadhili wa kwenda Marekani, ambaye baba yake alinijia na karatasi alizochapisha kutoka intaneti, zikisifu vyuo vidogo. Karatasi zile zilisema kweli kuhusu huko. Vyuo kama Williams, Amherst na Swarthmore vina takriban wanafunzi elfu mbili au pungufu, karibu wote wa shahada ya kwanza, na kwa kuwa havina kundi kubwa la wanafunzi wa uzamili, kazi ya kumsaidia profesa katika utafiti humwangukia kijana wa mwaka wa pili au wa tatu. Katika vyuo vikubwa vya umma vya huko, kama Michigan au Ohio State, vyenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huweza kumsikiliza profesa mashuhuri akiwa mbali, kisha vipindi vya mazoezi akafundishwa na mwanafunzi wa uzamivu. Nilichomwambia mzee yule ni kwamba hoja hizo asizilete Mombasa zikiwa nzima. Vyuo vile ni vidogo kwa kuchagua, na baadhi yake vina akiba ya mabilioni ya dola inayowalipa walimu wa kudumu. Vyetu ni vidogo kwa sababu ni vichanga na fedha zake ni haba, na vingi vingekua kesho kama vingepewa mabweni. Kwa mtoto wake aliyekuwa anakwenda huko, karatasi zilifaa. Kwa binti yake aliyekuwa akijaza fomu ya KUCCPS, zilikuwa zinapotosha.

Gharama ndilo jambo linalowaumiza wazazi zaidi, na hesabu zake zimebadilika. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeteuliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka katika chuo kikuu chochote cha umma, kikubwa au kidogo, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ikamsaidia kwa mkopo. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, ambao umepingwa hadi mahakamani, unaigawa gharama ya kozi kati ya msaada wa serikali, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa nyumba. Matokeo yake ni kwamba bei inategemea zaidi kozi kuliko ukubwa wa chuo, na familia inayokimbilia chuo kidogo ikidhani karo yake lazima iwe ndogo huweza kushangaa barua ya kuitwa chuoni ikifika. Tofauti ya kweli iko katika maisha: kodi ya chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi bara kila muhula, na blanketi zito ambalo mtoto wa Pwani hajawahi kulihitaji.

Wazazi wengi hukata shauri hapo, kwamba mtoto akae nyumbani tuokoe fedha. Mimi huwaomba wahesabu na upande mwingine wa daftari. Katika darasa langu la jioni, wanafunzi waliokuwa wakikosa mara nyingi zaidi hawakuwa waliopanga vyumba. Walikuwa wanaoishi kwao, na hasa wasichana. Msichana akiwa nyumbani bado ni binti wa nyumba: kuna wadogo wa kuchukuliwa madrasa, kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali, kuna arusi ya binamu ambayo haiwezekani asiende kusaidia jikoni, na anayeishi Likoni ana feri ya kuisubiri kabla hajafika Tudor kwa mhadhara wa asubuhi. Hakuna mzazi anayefanya hivyo kwa ubaya. Lakini mtu akikaa chumba cha kupanga Kilifi, au Juja huko bara, hakuna anayemwita aache kitabu aje apepete mchele. Ninapomshauri mzazi abaki na mtoto nyumbani, humtaka aniahidi saa mbili za usiku ambazo mtoto hatasumbuliwa, na jinsi anavyojibu hunieleza mengi kuhusu iwapo mpango huo utafaulu.

Yako pia mambo ambayo udogo au ukubwa hauyagusi kabisa, na nitayapita haraka. Mgomo wa wahadhiri wa mwanzoni mwa mwaka 2017, uliodumu karibu miezi miwili, ulivifunga vyuo vikuu vya umma bila kujali ukubwa. Na uhalali wa kozi hautokani na jina la chuo: kozi ya uhandisi inahitaji kutambuliwa na Bodi ya Wahandisi, ya sheria na Baraza la Elimu ya Sheria, ya uuguzi na Baraza la Wauguzi, na wamekuwapo Wakenya waliohitimu katika vyuo vikuu vya umma kisha wakagundua kwamba bodi haiitambui shahada yao. Mzazi aulize kwa kozi yenyewe, na aione barua.

Miezi kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja na binti yake. Binti alikuwa amepata alama za kutosha kusomea biolojia katika chuo kikubwa bara, na pia alikuwa anaitazama kozi ya biolojia ya bahari na uvuvi katika Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi. Mama alinisikiliza nikieleza habari za maabara na walimu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikatai mwanangu asome, na bara simchukii mtu. Ninachouliza ni hiki: siku asipolala chumbani kwake, nani ataniambia?" Lilikuwa ndilo swali langu mwenyewe, limeulizwa kwa lugha ya mama. Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba aende Kilifi siku ya kazi, si siku ya maonyesho ambapo kila kitu hupambwa, aingie idarani na aulize walimu wa kudumu ni wangapi, matokeo ya muhula uliopita yalitoka lini, na waliomaliza kozi ya miaka minne kwa miaka minne ni sehemu gani ya darasa. Nilimwambia pia asizungumze na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana huyo bado anafurahia uhuru, wala wa mwaka wa nne ambaye anataka kuondoka tu, bali amtafute wa mwaka wa tatu.

Walikwenda. Binti aliporudi hakuzungumzia majengo. Alizungumzia mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyewaeleza jinsi wanavyoshinda ufukweni wakati wa maji kupwa wakihesabu viumbe wa matumbawe, na kwamba taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina makao yake makuu hapa Mombasa, Mkomani, ambako ataweza kuomba atachimenti. Kwa somo hilo, chuo kidogo kilicho kando ya bahari kina maabara ambayo chuo kikubwa cha bara hakiwezi kuijenga. Alikichagua, na kwa maoni yangu alichagua vyema, ingawa lau angetaka kusomea fizikia au lugha za kigeni ningemsukuma aende mbali.

Mwaka huo huo nilimsukuma mwingine aende mbali, tena kinyume cha matakwa ya baba yake. Alikuwa mvulana mpole, hodari wa hesabu na wa Kiswahili kwa pamoja, ambaye hakujua anataka kuwa nani. Baba alidhani mtoto mkimya anafaa chuo kidogo ili asipotee. Niliona tofauti: kijana asiyejua anachotaka anahitaji mahali penye milango mingi, na upole wake haukuwa woga, kwa kuwa alikuwa akienda mwenyewe kumtafuta mwalimu kila alipokwama. Wanaopotea katika vyuo vikubwa, kwa niliyoyaona, si wakimya. Ni wale waliozoea kusukumwa, wengi wao kutoka shule za bweni zilizopangia wanafunzi hata saa ya kuoga, ambao siku kengele isipolia hawajui la kufanya. Kwa hao hupendekeza chuo kidogo bila kusita, hata wakiwa na alama za juu kabisa.

Kijana huyo alipomaliza muhula wa kwanza aliniandikia kwamba amechoka na umati na anataka kuhamia chuo cha Pwani. Nilimweleza kwamba KUCCPS hufungua dirisha la kuhama chuo, kwamba dirisha hilo huwa fupi, kwamba lazima alama zake zifikie kiwango cha kozi anayoiendea na nafasi ziwepo huko, na kwamba miezi aliyokwisha kusoma huenda isihesabiwe. Kisha nikamwambia kwamba kabla hatujajaza chochote, aniletee majina mawili ya wahadhiri au wafanyakazi wa idara yake wanaomfahamu kwa jina, na kwamba akiyakosa baada ya kuyatafuta kwa dhati, nitamwandikia baba yake mwenyewe kumweleza kwamba kuhama ni sawa. Hadi sasa ameniletea jina moja, la msaidizi wa maabara ya kompyuta, na dirisha bado halijafunguliwa.